Hatua Saba Kinyumenyume

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, Kasuku aliingia chumba cha tajiri kinyumenyume, kama alivyoingia kila siku ya kazi kwa miaka kumi na minane. Uso kwa wageni, mgongo kwenye giza.

Kasuku lilikuwa jina la kupewa na wenzake, kwa sababu hadithi yake haikuwahi kubadilika hata neno moja. Alikuwa mwongoza wageni wa jumba lile la kale, mrefu, suti nyeusi, viatu vyenye chuma kisiginoni. Wageni walimpenda sana. Jumba lenyewe lilikuwa na vyumba kumi na vinne, ngazi za mawe na bustani ya waridi, lakini tusidanganyane, hakuna aliyepanda ngazi zile kuangalia vitanda vya tajiri. Watu walikuja kuona doa la damu.

Wageni tisa walisimama mlangoni, nyuma ya kamba nyekundu. Chumba kilikuwa giza, maana dirisha lake pekee, la mbao nzito, lilifungwa muda wote ili jua lisile mapazia. Lilifunguliwa kwa nje tu, kutoka barazani, na mlinzi ndiye aliyelifungua Kasuku akipiga makofi.

"Miaka sitini na mmoja iliyopita," Kasuku alianza, akirudi nyuma, ko, ko, "mwenye nyumba alikuwa amejipumzisha humu. Mpishi wake, mtu aliyekula chumvi yake miaka tisa, akaingia na kisu cha kuchinjia. Akamchoma mara kumi na moja." Ko, ko. "Nani alimkamata akiwa bado na kisu mkononi? Msimamizi wa nyumba! Na msimamizi huyo, mabibi na mabwana, ni babu yangu, mzaa baba yangu. Mpishi alinyongwa. Lakini damu ya bwana wake ilikataa kutoka sakafuni mpaka leo. Itazameni!"

Akapiga makofi. Dirisha halikufunguka. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii komeo likalia, mbao zikaachana, jua likaingia lote kwa pamoja.

Doa lilikuwepo. Juu yake alikuwepo pia Mwalimu, mkurugenzi wa jumba, amelala kifudifudi, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni. Kisogo chake kilikuwa kimebonyea. Damu ilikuwa imetapakaa ukutani, kwenye mapazia, na hata kwenye kioo cha meza ya kuvalia. Mama mmoja mwenye kofia pana alipiga ukelele, mwanamume aliyekuwa nyuma yake akatapika kwenye ngazi.

Dirishani alisimama mlinzi, ameshika komeo, uso ameugeuzia bustani. Ndivyo alivyofungua kila siku, bila kuangalia ndani. Kasuku alimnyooshea kidole.

"Huyo! Mjukuu wa mpishi huyo! Damu ya mpishi haijakauka!"

Ikawa kama amewasha kiberiti. Dereva wa wageni na wanaume wengine wawili wakazunguka kwa barazani. Walimpiga mlinzi kwa ngumi, wakampiga kwa mateke, kisha dereva akamnyang'anya rungu lake na kumvunja nalo mfupa wa bega. Binti yake, ambaye ndiye mkata tiketi pale getini, alikuja mbio akajilaza juu ya baba yake. Wakamvuta kwa nywele wakamtupa kando. Kasuku akasema waende kibanda cha mlinzi wakatafute. Wakatafuta, wakakuta kinara cha taa cha shaba, kizito, kimejaa damu na nywele, kimeviringishwa kwenye koti la mvua la mlinzi. Hapo ndipo walipomfunga kwenye nguzo kwa ile kamba nyekundu ya wageni.

Inspekta alifika saa nne kasoro dakika tano. Kituoni walimwita Mama Subira kwa kejeli, kwa sababu hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Alimwangalia mlinzi, meno mawili yamelala kwenye shati lake, akawageukia wale wanaume.

"Mfungueni. Na mikono yenu isiondoke hapa mpaka niandike majina yenu."

"Lakini afande, huyu ni muuaji!" dereva alisema.

"Basi mmeniachia nini cha kufanya? Mngemzika kabisa, mimi nikalale."

Daktari alimaliza kuukagua mwili saa nne na nusu. Mapigo tisa, yote kichwani na shingoni, yote kwa nyuma. Mwalimu alikufa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu asubuhi. Daftari la geti, lililoandikwa na mlinzi, lilisema Mwalimu aliingia saa kumi na mbili na dakika ishirini, mkata tiketi saa mbili, Kasuku saa mbili na robo.

"Na mlango wa bustani?" Inspekta alimuuliza sajini wake.

"Una funguo tatu. Ya Mwalimu, ya Kasuku na ya fundi seremala anayekarabati sakafu. Fundi leo hakuja kazini. Halafu, afande, njoo uone karakana yake."

Kwenye karakana, nyuma ya mbao, palikuwa na aproni. Kifua chote kimejaa damu iliyokauka.

Inspekta alimhoji Kasuku kwanza, kwenye chumba cha chakula, kati yao meza ndefu iliyopangwa sahani zisizoliwa.

"Mlinzi na Mwalimu walikuwa na ugomvi?"

"Jana saa kumi na moja jioni, ofisini. Kelele zilifika hadi bustanini. Mlinzi alikuwa anapiga meza kama kichaa." Kasuku alijifuta jasho kwa kitambaa safi. "Mama, mimi sipendi kumsema mtu vibaya. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Na fundi seremala?"

"Huyo naye ana hasira. Juzi alimwambia Mwalimu atamtoboa na patasi. Mimi ningekuwa wewe, ningewashika wote wawili."

"Wewe ulikuwa wapi saa moja?"

"Nyumbani, nanyoa ndevu. Naishi peke yangu. Nitamleta nani aniapie, kioo?"

Saa sita kasoro robo, sajini na askari watatu walibisha nyumbani kwa fundi. Fundi alitorokea dirisha la nyuma. Walimkimbiza vichochoro viwili, askari mmoja akamtega miguu, wakaangukiana kwenye rundo la kokoto, na fundi alipoletwa mbele ya Inspekta alikuwa na paji lililochanika na mkono wa kushoto uliofungwa bendeji nene.

"Ulikuwa unakimbia nini?"

"Afande, ukiona polisi wanne mlangoni na wewe mwenyewe una aproni ya damu kazini, utakaa uwapikie chai?"

"Damu ya nani?"

"Yangu! Patasi iliteleza jana. Kadi ya zahanati ipo mfukoni, angalieni."

Kadi ilikuwepo, na muhuri wake. Nyuzi saba, jana, saa kumi na nusu jioni. Inspekta aliigeuza mara mbili. Usiku ule, kadi ilisema, mgonjwa alilazwa kwa kupoteza damu nyingi, akaruhusiwa leo saa mbili asubuhi. Basi saa moja fundi alikuwa kitandani, na muuguzi kando yake. Sajini aliguna kwa masikitiko, maana mbio zote zile alikuwa amezikimbia bure.

"Ulimtishia Mwalimu kwa patasi," Inspekta alisema.

"Hayo ni maneno ya kazini, afande. Aliniambia ning'oe ubao wa pembeni ya doa, nikamwambia ule ubao una miaka mia, akinilazimisha nitamtoboa. Tukacheka wote. Jana nikaung'oa. Ndipo nilipojikata, kwa sababu chini yake kulikuwa na kopo la bati na patasi ikaligonga."

"Kopo la nini?"

Fundi akasogea karibu. Aliangalia mlangoni, akashusha sauti.

"Barua. Ya mke wa tajiri, yule bibi. Mwalimu aliisoma palepale, mimi navuja damu, yeye anasoma! Ilikuwa haijapelekwa popote. Nilimwomba niipige picha, mke wangu anapenda mambo ya kale. Baada ya hapo ndipo nikakumbuka kwenda zahanati."

Alitoa simu. Maandishi yalikuwa madogo, yameinama upande mmoja, lakini yalisomeka. Inspekta aliyasoma amesimama, kisha akavuta kiti akayasoma tena.

*Msimamizi ndiye aliyemuua mume wangu. Mume wangu alimchapa mjeledi mbele ya wageni, naye akamvizia amelala. Nilikuwepo. Aliniambia nikisema neno, kisu kitanigeukia mimi. Mpishi alikuja mbio aliposikia kelele, akachomoa kisu ili amwokoe bwana wake, na wakamkuta nacho mkononi. Wamemnyonga mtu aliyekuja kusaidia, na mimi nimenyamaza.*

"Barua yenyewe iko wapi?" aliuliza.

"Aliiweka mfukoni mwa koti lake."

Mifuko ya maiti ilikuwa imeshapekuliwa. Miwani, leso, funguo. Barua haikuwemo.

Mlinzi alikuwa amelazwa kwenye kochi la ofisini, bega limefungwa, mdomo umevimba. Binti yake alimshikia kikombe cha maji. Alipoona Inspekta anaingia, alisimama mbele ya baba yake.

"Kama mmekuja kumaliza walichoanza wale, mtaanza na mimi."

"Kaa, mwanangu," baba yake alisema. "Mwache afande aulize."

"Jana uligombana na Mwalimu kwa nini?"

"Sikugombana. Nililia, afande. Mtu mzima, nililia kwa sauti, nikapiga meza. Aliniita akaniambia, 'Babu yako hakuua. Nina ushahidi. Kesho ukifungua dirisha utasikia hadithi nyingine.' Nikamuuliza nani aliua, akasema nisubiri, kuna mtu anapaswa kuambiwa kwanza." Alimeza maji kwa shida. "Miaka kumi na miwili nafungua lile dirisha. Nilikubali kwa ajili ya ada ya huyu binti. Kila nikifungua, naangalia waridi, nisione nyuso zao wakimlaani babu yangu. Ningemuua vipi mtu aliyetaka kunitoa pale?"

Binti yake alijiziba mdomo kwa kiganja. Hakuwahi kujua kwamba baba yake aliangalia waridi kwa sababu hiyo. Alidhani anazipenda.

"Kuna jingine?" Inspekta aliuliza.

"Dogo tu. Leo Kasuku alipiga makofi mapema."

"Mapema kwa saa?"

"Kwa hatua. Mimi nipo nje, simwoni, namhesabu. Vile viatu vyake hulia mara saba, ndipo makofi. Saba, haijawahi kuwa sita wala nane. Leo vililia mara nne. Nikabaki na komeo mkononi nangoja tatu zilizobaki, mpaka akapiga makofi tena."

Sajini alicheka puani. "Afande, mtuhumiwa anahesabu viatu."

Inspekta hakucheka. Alitoka moja kwa moja hadi bustanini, kwa mama mwenye kofia pana, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi.

"Mama, pole. Ulikuwa unarekodi kwa simu?"

"Nilirekodi tangu mlangoni. Lakini ni giza tupu, huoni kitu."

"Sihitaji kuona," Inspekta alisema.

Saa kumi alasiri aliwarudisha wageni wote tisa mlangoni pa chumba cha tajiri. Mwili ulishaondolewa, damu bado. Dirisha lilifungwa tena na sajini akasimama barazani. Inspekta alimweleza Kasuku kwamba anataka kusikia maelezo yake kamili, vilevile, ili apange nyakati vizuri.

"Vilevile?" Kasuku aliuliza.

"Neno kwa neno. Nasikia hakuna anayekufikia."

Sifa ni kitu kibaya. Kasuku alijinyoosha koti, akageuka, akaanza kurudi nyuma gizani. Miaka sitini na mmoja iliyopita. Ko, ko. Mpishi, kisu, mara kumi na moja. Ko, ko. Msimamizi, babu yangu. Ko, ko, ko. Itazameni. Makofi.

Sajini alifungua. Kasuku alikuwa amesimama katikati ya damu, kisigino chake kimegusa kabisa ukingo wa doa la zamani.

"Unahesabu hatua zako?" Inspekta aliuliza.

"Sihesabu. Miguu inajua yenyewe."

"Inajua kweli. Saba." Inspekta aliinua simu ya mama mwenye kofia. "Sasa tusikilize ya asubuhi."

Picha ilikuwa nyeusi, lakini sauti ilikuwa safi. Ko, ko. Ko, ko. Itazameni. Makofi, kimya, makofi tena. Komeo. Kisha ukelele.

"Nne," Inspekta alisema. "Hatua ya tano ungekanyaga mkono wa Mwalimu. Chumba giza, mgongo umeugeuzia huko, hakuna aliyepiga kelele bado. Nani alikwambia usimame?"

Kasuku alilamba midomo. "Nilisikia harufu ya damu."

"Ukasikia harufu ya damu, halafu ukawaambia wageni, 'Itazameni'?"

Kasuku alirudi hatua moja kuelekea kitanda.

"Za mwizi ni arobaini, Kasuku. Zako zilikuwa nne tu. Ulitaka wageni wakute maiti na mjukuu wa mpishi ameshika dirisha, kama babu yako alivyotaka watu wamkute mpishi ameshika kisu. Ulijua fundi ana hasira, ukajua mlinzi amelia. Kitu kimoja hukuweza kukipanga: miguu yako ilikataa kumkanyaga mtu uliyemuua."

Vinara vya shaba vilikuwa viwili. Kimoja kilishapelekwa kituo cha polisi. Cha pili kilikuwa kando ya kitanda, na Kasuku alikinyakua kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilimpata Inspekta mkononi, mfupa ukalia ukasikika hadi kwenye ngazi. La pili lilivunja kioo cha meza. Wageni walikanyagana wakikimbia. Sajini aliruka dirishani, wakaanguka wote wawili juu ya vipande vya kioo, wakabiringishana kwenye damu ya Mwalimu, Kasuku akimuuma sajini sikio na sajini akimgongesha kichwa sakafuni, mara moja, mbili, tatu, mpaka kinara kikamtoka mkononi.

"Basi!" Inspekta alipiga kelele, mkono wake umening'inia. "Basi, sajini. Namtaka ana mdomo."

Kasuku alikaa ameegemea kitanda cha tajiri, pingu mikononi, damu ikimtoka puani. Sauti yake ile nzuri haikuwepo tena.

"Aliniita saa kumi na mbili na nusu, nikaingia kwa mlango wa bustani. Akanisomea barua. Nikamwambia sawa, ichapisheni, iwekeni kwenye kabati la kioo, mimi naacha kazi. Akasema hapana, aliyeieneza hadithi ndiye ataifuta. Nianze leo, kwa mdomo wangu, mbele ya wageni, niseme babu yangu ni muuaji. Babu aliyenilea! Aliyenifundisha hadithi hii nikiwa nimekaa gotini kwake!"

"Kwa hiyo ukampiga."

"Alinigeuzia mgongo, akainama kuangalia doa."

"Pigo moja lingetosha. Kwa nini tisa?"

Kasuku alimwangalia kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Kwa sababu alikuwa bado anasema."

Barua aliichoma kwenye jiko la zamani la jumba, na kinara alikificha kibandani mlinzi akiwa getini. Suti yake nyingine ilipatikana chini ya mbolea ya waridi, imeganda damu. Dereva na wale wanaume wawili walishtakiwa kwa kumjeruhi mlinzi, na dereva alilia mahakamani akisema hakujua. Kutojua hakukumrudishia mlinzi meno.

Baada ya wiki tano jumba lilifunguliwa tena. Mkata tiketi ndiye aliyeombwa kuongoza wageni mpaka apatikane mtu mwingine. Inspekta alikuja siku ya kwanza, mkono bado kwenye plasta, akalipa kiingilio chake kama mtu yeyote na kusimama nyuma ya kamba.

Barazani, mlinzi alishika komeo kwa mkono mzima. Alisikia sauti ya binti yake ikiingia chumbani. Viatu vyake vilikuwa vya raba, havikulia, kwa hiyo hakuwa na cha kuhesabu. Ilibidi asikilize maneno.

"Miaka sitini na mmoja iliyopita," binti alisema, "mtu aliuawa hapa, na mpishi wake akasikia kelele. Wenzake wote walikimbilia nje. Yeye alikimbilia ndani. Alichomoa kisu kwenye mwili wa bwana wake, akaubana ule mdomo wa jeraha kwa mikono yake, na kwa ajili hiyo walimnyonga. Mpishi huyo ni babu yake baba yangu. Baba yangu yuko nyuma ya dirisha hili."

Makofi yakalia.

Komeo lilimsumbua mlinzi kwa ule mkono mmoja. Kisha mbao zikaachana, jua likaingia, na wageni wakainua macho kutoka kwenye doa wakamtazama yeye. Waridi zilikuwa nyuma yake zimechanua. Mlinzi hakuzigeukia. Alisimama dirishani, mdomo wake wenye mapengo wazi, machozi yakimtoka, akiwaangalia mmoja mmoja mpaka wa mwisho.